Mkaja na Mbeleko: Mtoto wa Mama Wawili Katika Historia ya Pwani Yetu



Leo hatukuletei mitindo. Mliokuwa mnasubiri picha za mashela mapya mtuwie radhi, zitakuja inshaAllah. Leo tunazungumza historia, na aliyetutia katika mazungumzo haya ni bibi harusi mmoja aliyekuja kupimwa kwenye karakana yetu hapa Kilwa Masoko. Yeye mwenyewe ameturuhusu tuyaeleze, bila jina lake.

Tulipomaliza kumpima kifua, kiuno na urefu alisema, "Dada, na gauni la mama nalo." Tukamwuliza mama atakuja lini kupimwa. Hapo akainamisha kichwa, machozi yakaanza kumtoka. Tukasimamisha cherehani zote tatu, tukamletea maji, tukamsikiliza.

Mama yake mzazi amefariki. Alifariki yeye akiwa kidato cha pili. Lakini tangu hajaota meno alilelewa na wanawake wawili. Mama yake alipopewa talaka alirudi Kivinje na mtoto mchanga, akakaa na shoga yake wa tangu utotoni, ambaye naye alikuwa ameachwa na hakujaaliwa mtoto. Wakakodi nyumba moja. Asubuhi waliuza maandazi, jioni samaki wa kukaanga. Mama akienda pwani kupokea samaki, shoga yake anabaki jikoni na mtoto mgongoni. Mtoto akakua anamwita mmoja Mama na mwingine Mama Mkubwa.

Baba yake naye alishatangulia mbele ya haki. Mama alipofariki, baba mdogo alikuja kutoka Lindi, akamchukua mtoto na vyombo vya nyumbani. Mama Mkubwa hakuwa na karatasi hata moja. Alikwenda shuleni kuulizia habari za mtoto akaambiwa, "Wewe si mzazi wala si ndugu." Mwaka mmoja mtoto alikaa Lindi akikonda. Baba mdogo, ambaye si mtu mbaya, alipoona hali ile alimrudisha mwenyewe Kivinje. Mama Mkubwa akamsomesha kwa samaki wale wale mpaka akamaliza kidato cha nne.

Sasa imefika harusi, na kumezuka mambo mawili. La kwanza, mkaja. Mke wa baba mdogo anasema mkaja ni wake, kwa sababu yule wa Kivinje hakuzaa na wala si ukoo. La pili ni zito zaidi. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi aliuliza mbele ya watu, "Wanawake wawili, miaka yote ile, nyumba moja, na hakuna aliyeolewa tena. Mle ndani mlikuwa na nini?" Kila mtu alielewa anauliza nini. Maneno yakatembea, na posa ikawa inataka kurudishwa.

Bibi harusi wetu akatuuliza, "Hivi mimi ni mtoto wa nani?" Hatukuwa na jibu la haraka. Tukamwambia tutasoma, tutauliza wazee, na tutaandika. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kivinje yenyewe ilivyojaa watu wasio na ndugu

Tuanze nyumbani. Kilwa Kisiwani ndiko wengi wanakokujua, mji wa masultani alioutembelea Ibn Battuta mwaka 1331, na leo ni urithi wa dunia tangu 1981 pamoja na Songo Mnara. Lakini hadithi yetu iko Kivinje. Karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Sultani Barghash alipiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari mwaka 1873, na misafara ya nchi kavu mwaka 1876. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, wakati wa Waingereza.

Fikirini maana yake kwa mwanamke. Mtu ameletwa Kivinje akiwa mtoto, hamjui mama yake, kwao hakukumbuki, lugha yake ameisahau. Atampata wapi shangazi wa kumfunda? Nani atakuwa bibi wa watoto wake? Alijitengenezea ndugu. Waliotumikia nyumba moja waliitana wajoli. Wengine walichukua somo, wengine walichukua shoga. Kwa wazee wetu udugu huo haukuwa wa mdomoni. Shoga alikuja kwenye uzazi, akakaa siku arubaini, akabeba mtoto, akaingia kwenye msiba kama mwenye msiba.

Ndiyo, dada zetu, tumelitaja neno shoga. Wadogo zetu siku hizi wakilisikia wanacheka, kwa sababu limepewa mwanamume anayefuata wanaume. Lakini bibi zetu waliitana shoga mchana kweupe, na hata leo sokoni utasikia, "Shoga, niwekee wa mia tano." Ni neno la mapenzi ya wanawake wanaoaminiana. Huyu shangazi wa upande wa bwana harusi naye ana shoga yake, tena wanapika pamoja kila Maulidi.

Kisha ikaja Majimaji. Vita vilianzia kwenye milima ya Umatumbi hapa hapa Kilwa mwezi wa Julai 1905, watu wakakataa kulimishwa pamba kwa nguvu. Vikaenea hadi Lindi na Songea, vikaisha 1907. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Watoto waliobaki walilelewa na nani? Waliokuwa hai. Shangazi, bibi, mke mwenza wa marehemu, jirani. Ukiwauliza wazee wa upande huu habari za koo zao, wengi wana mama mmoja katikati ambaye hakuzaa bali aliokota.

Na huku kwetu kulikuwa na mila iliyosaidia. Wamwera, Wamakonde na Wayao walihesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba akiwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwenye kisiwa cha Mafia, jirani zetu, mtafiti Pat Caplan kutoka Uingereza alianza kukaa kijijini mwaka 1965, na kitabu chake kilitoka 1975. Alionyesha kuwa watu wa kule walihesabu ukoo wao kwa baba na kwa mama pia, hivyo mtu alikuwa na milango mingi ya kuingia kwenye shamba na kwenye undugu. Mtu wa pwani hakutegemea mlango mmoja. Mmoja ukifungwa aligonga mwingine.

Kwa hiyo nyumba ya wanawake wawili wanaolea mtoto si kitu kilicholetwa na televisheni juzi.

Wakurya, na kesi ya Mombasa

Mzee mmoja alituambia tusiishie pwani, tutazame na bara. Huko Tarime mkoa wa Mara, Wakurya wana mila wanayoiita nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane au asiyejaaliwa mtoto wa kiume, anatoa mahari ya ng'ombe na kumchukua mwanamke mdogo. Mdogo anazaa na mwanamume, lakini watoto ni wa nyumba ya yule mkubwa, wanatajwa kwake na wanarithi kwake. Wenyewe husema si jambo la kitanda, ni la kuendeleza nyumba na kumpa mwanamke ulinzi. Sisi Waislamu hatuiiti ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haiiti ndoa, maana imesema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Lakini watoto wapo, na wana mama wawili.

Wanandi wa Kenya wana mila inayofanana na hiyo, na mwaka 2011 ilifikishwa Mahakama Kuu ya Mombasa. Mwanamke mzee asiye na mtoto alikuwa amemwoa mwanamke kwa mila ya Kinandi. Alipokufa, ndugu wakagombea mali. Mahakama ikaamua kuwa mke yule na watoto wake ni wa nyumba ya marehemu na wanastahili kurithi. Jaji hakuuliza walilala vipi. Aliuliza kama mila ilifuatwa, na watoto ni wa nyumba ipi.

Jambo ambalo shangazi alilisema kwa fumbo

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, tusilizunguke. Wapo wanawake wanaopendana na wanawake, na wanaume wanaopendana na wanaume, na baadhi yao ni wazazi. Wengine wamezaa kwenye ndoa kabla, wengine wanalea watoto wa ndugu. Hata pwani walikuwepo zamani. Mtafiti Gill Shepherd aliandika mwaka 1987 habari za watu wa namna hiyo Mombasa, wanaume na wanawake, na hoja yake ilikuwa kwamba cheo cha mtu, yaani mali yake na ukoo wake, ndicho kilichompa nafasi mbele ya watu kuliko jambo hilo. Watu walijua, walisengenya, na maisha ya mtaa yakaendelea.

Sheria iliyoandikwa ilikuja na mkoloni. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ni ya mwaka 1930, ya Waingereza, nayo ilifanya "kosa kinyume na maumbile" kuwa jinai. Mwaka 1998 Bunge letu lilipopitisha sheria ya makosa ya kujamiiana, adhabu ikapanda hadi kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Zanzibar mwaka 2004 ilibadilisha sheria yake ya adhabu, ikawataja na wanawake kwa wanawake, na pia watu wa jinsia moja wanaoishi kama mke na mume. Mwaka 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka watu hao, na Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kuwa hayo ni maoni yake, si msimamo wa serikali.

Tunayataja haya ili mjue uzito wa swali la shangazi. Alidhani anatia chumvi kwenye mazungumzo. Kumbe neno kama lile linaweza kumpeleka mwanamke mtu mzima polisi, likamtoa kwenye nyumba ya kupanga, likavunja biashara yake ya samaki, na likamvunjia mtoto posa.

Nchi nyingine zimekwenda njia nyingine. Afrika Kusini, mwaka 2002, wanawake wawili waliokuwa wakiishi pamoja, mmoja wao jaji, walikwenda Mahakama ya Katiba. Walikuwa wanalea watoto wawili waliowaasili, lakini kwenye karatasi mama alikuwa mmoja tu. Hofu yao ilikuwa hii: huyu mwenye karatasi akifa, au wakitengana, mwingine ni nani kwa watoto? Mahakama ikaamua kuwa sheria ya kuzuia wawili hao kuasili pamoja haiendani na katiba, na haiwatendei watoto haki. Uingereza ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka huo huo wa 2002. Ndugu zetu waliohamia huko London wanakutana na wazazi kama hao kwenye mikutano ya shule, wakae nao kiti kimoja, wazungumzie homa ya mtoto na ada ya safari.

Hapa kwetu sivyo. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inasema maombi ya kuasili yanakwenda Mahakama Kuu, na wanaoweza kuomba kwa pamoja ni mke na mume. Wanawake wawili, hata wawe marafiki tu, hata wawe dada wa tumbo moja, hawaombi pamoja. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mzazi, mlezi, au ndugu anayemtunza mtoto anaweza kuomba mahakamani apewe malezi, na mahakama itazame kwanza maslahi ya mtoto. Pia kuna malezi ya kambo yanayopitia ofisi ya ustawi wa jamii.

Someni hofu ya wale wa Afrika Kusini, kisha mkumbuke Mama Mkubwa wa Kivinje amesimama nje ya ofisi ya shule. Hofu ni moja. Yeye hakuwa anadai ndoa wala jina. Alitaka kujua kama mtoto amekula.

Dini yetu inasemaje

Sisi si mashekhe, ni washonaji. Lakini tumekaa madrasa na tumewauliza wanaojua.

Tuanze na lililo wazi. Hukumu ya dini juu ya tendo lenyewe inajulikana, na hatukukaa hapa kuibadilisha. Anayetaka fatwa aende kwa sheikh wake. Lakini shangazi hakuona tendo. Aliona nyumba yenye taa. Na hapo dini ina maneno makali kwa msemaji. Sura An-Nur aya ya 4 imeweka mashahidi wanne kwa anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi uchafu wa zinaa, na asiyewaleta anapigwa bakora themanini na ushahidi wake haukubaliwi tena. Wanazuoni wana maelezo yao juu ya aina za tuhuma, lakini adabu tunayofundishwa ni ile ile, heshima ya mwanamke haichezewi kwa kudhani. Sura Al-Hujurat aya ya 12 inakataza dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Mbona tunazikumbuka aya nyingine tu?

La pili, nasaba. Sura Al-Ahzab aya ya 5 inatuamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Ndiyo maana kwetu mlezi habadilishi jina la mtoto, wala hawi walii. Walii wa bibi harusi wetu ni baba mdogo, na hilo hakuna anayelibishia, Mama Mkubwa mwenyewe hajalibishia. Kulea hakufuti nasaba. Lakini na nasaba haifuti kulea.

La tatu, maziwa. Uislamu umempa mtoto nafasi ya kuwa na mama zaidi ya mmoja karne nyingi kabla ya mahakama yoyote. Mama wa kunyonyesha ametajwa kwenye Sura An-Nisaa aya ya 23 pamoja na mama mzazi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alinyonyeshwa na Bi Halima. Na alipokuwa na miaka sita, mama yake Bi Amina alifariki njiani pale Abwaa. Waliokuwa safarini ni mama, mtoto, na mwanamke wa Kihabeshi aliyekuwa mtumwa wa nyumba yao, Baraka, tunayemjua kwa jina la Ummu Ayman. Huyo ndiye aliyemrudisha yatima yule Makka na akaendelea kumlea. Tunapokea kwamba Mtume alimwita mama yake baada ya mama yake, na alimheshimu mpaka mwisho. Hakuwa ukoo. Hakuwa na karatasi.

Tulipofika hapo tulinyamaza wote watatu. Wanawake wa Kivinje walioletwa kwa misafara, wasiokumbuka kwao, walikuwa na mfano wao kwenye sira, na sisi tumeisoma kila Maulidi bila kuwaona.

La nne ndilo gumu, na hatutaki kulikwepa. Bibi harusi alituuliza kwa sauti ndogo, "Na kama kweli walikuwa hivyo? Mimi sijui. Nilikuwa mtoto, nililala." Tukamjibu kwa Sura Luqman aya ya 15. Mwenyezi Mungu anasema juu ya wazazi wanaokushurutisha umshirikishe, yaani dhambi kubwa kuliko zote: usiwatii katika hilo, lakini kaa nao duniani kwa wema. Ikiwa shirki haimwondolei mzazi haki ya kutendewa wema na mtoto wake, ni dhambi gani nyingine itakayomwondolea? Hesabu ya watu wale wawili iko kwa Mola wao. Yako wewe ni maandazi uliyokula, ada uliyolipiwa, na juzuu uliyofundishwa kabla ya kulala. Hilo ni deni, na deni halifutwi na uvumi.

Na mtoto kosa lake nini? Dada zetu wa Zanzibar mnakumbuka sheria ya mwaka 1985 iliyompeleka jela msichana asiyeolewa akipata mimba. Mwaka 2005 ikaja sheria mpya, kifungo kikaondolewa. Miaka 20 tulimfunga mama na mtoto akakosa titi, kwa jina la kulinda maadili. Tuogope kurudia kwa midomo yetu kile ambacho sheria imekiacha.

Karatasi za kuandaa

Kwa wale mnaolea watoto wa watu, na ni wengi, tumekusanya haya kutoka kwa wanaojua. Mama mzazi akiwa hai, aandike kwa maandishi, mbele ya mashahidi na kwa serikali ya mtaa au kijiji, nani anamlea mtoto pamoja naye. Mlezi afike ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya ajulikane, asingoje msiba. Shuleni jina la mlezi liandikwe kwenye fomu tangu darasa la kwanza. Mtoto wa kulea harithi kwa mlezi kwa mirathi ya Kiislamu, lakini mlezi anaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali yake, au kumpa hiba angali hai. Na mlezi naye anaweza kuandikiwa hivyo hivyo na mama mzazi. Laiti Mama wa Kivinje angeandika mstari mmoja tu, sufuria za maandazi zisingepanda gari kwenda Lindi.

Mkaja wa nani basi?

Jibu tulilipata kwenye vitambaa, ambavyo ndiyo kazi yetu. Bibi mmoja mkongwe aliyekuja kutengenezewa baibui alisikia mzozo huu akacheka. Akatuuliza, "Nyinyi washonaji, mkaja ni nguo gani?" Mkaja ni kitambaa anachojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. "Na mbeleko?" Mbeleko ni nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Akasema, "Wazee hawakuwa wajinga. Vitu vyote viwili vilidaiwa kwenye harusi, mkaja na mbeleko. Siku hizi mnachanganya mnaviita kimoja kwa sababu mnataka kupunguza gharama. Tumbo lina haki yake na mgongo una haki yake."

Tulimpelekea bibi harusi maneno yale, naye akayapeleka kwa baba mdogo. Baba mdogo alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu aliwaita wazee wa upande wa bwana harusi, akawaambia yeye kama walii anasema hivi: mkaja utakwenda kwa bibi mzaa mama, kwa niaba ya marehemu, na mbeleko itakwenda Kivinje. Kisha akasema, "Na mwenye swali juu ya nyumba ile aniulize mimi, mimi ndiye niliyemtoa mtoto pale na mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimrudisha kwa sababu pale alikuwa na mama." Bwana harusi mwenyewe, Mungu amlipe, alisema posa hairudi.

Shangazi hakuomba radhi. Tunasema ukweli, hakuomba. Lakini siku ya harusi alikula biriani, na alipopita mbele ya Mama Mkubwa alimpa mkono.

Tulimshonea Mama Mkubwa gauni la kitambaa kile kile walichovaa mama wa upande wa bwana harusi, rangi ya zabibu, mikono mirefu, pindo la dhahabu. Alikuja kupimwa mwenyewe. Mgongo wake umepinda kidogo upande wa kulia, ikabidi tukate bega moja tofauti na jingine ili gauni lisivutike. Hatukumwuliza kwa nini umepinda. Tulishona tu likae vizuri.

Dada yetu, wewe unayejiandaa kuolewa na umelelewa na bibi, na shangazi, na mke wa baba, au na shoga wa mama yako, ukija kupimwa usione haya kusema, "Na gauni la mama nalo." Sisi hatutauliza mama yupi. Tutauliza vipimo.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotuzaa na waliotubeba, awasitiri walio hai, na atusitiri na sisi siku tutakayohitaji sitara. Amin.